Nilivyowapeleka Dada wa Magita Muze na Kipili

Kilichonitoa Sumbawanga wiki ile ni maneno ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Bwana Utamaduni, yaani afisa utamaduni wetu, na maneno yenyewe aliyasema ukumbini mbele ya watu, baada ya kuwasikiliza Tusekile na Atupele wakipiga muziki wao kwa robo saa. Alisimama akasema, "Hizi ni kelele za kigeni. Zikifika vijijini, vijana watatupa majembe." Kisha akatoa amri. Magita, ngoma na spika vilikuwa mali ya ukumbi wa vijana, si mali ya wale wasichana. Basi mwisho wa mwezi vyote vingekwenda kwa bendi ya tarumbeta, labda kama akina dada wangeleta barua tatu kutoka vijiji vitatu, kila barua na mhuri wake, zikieleza kuwa muziki wao haukuzuia kazi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikapaza sauti: "Barua tatu tu? Lori langu litazileta kabla ya wiki mbili!" Ukumbi mzima ukanipigia makofi. Mimi nikishasema, nimesema.

Kwa asiyenijua, mimi ni Baba Skola. Shule niliiacha darasa la pili, maana mwalimu alikuwa anachapa na mzee alikuwa na ng'ombe wa kuchungwa. Nimebeba magunia. Nimekuwa utingo miaka sita. Nimekuwa dereva wa mwenye duka mmoja mpaka nikanunua lori lake, tani saba, na sikumbuki kuliona lori jingine likishuka mteremko wa Muze wakati wa masika bila kulia. Siku zile za Ujamaa wapo walioniita kabaila. Kabaila gani analala chini ya injini na spana mkononi? Hata kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa vibao vya barabarani na maandishi ya magunia.

Baba yao wale wasichana alikuwa bwana mifugo, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa kwetu. Tusekile, mkubwa, alipiga gita na kuongea kidogo. Atupele, mdogo wake, aliimba, na akiimba mshipa wa shingo unasimama kama kamba ya kufungia mzigo. Nyuma yao walikuwa vijana wawili: Saidi wa ngoma, ambaye familia yao ina duka la vitambaa mjini, na Deo wa gita la besi, Mfipa kama mimi. Walipiga roki. Magita yanakwaruza, ngoma zinaanguka kama mvua ya mawe juu ya bati. Mimi niliupenda muziki ule mara moja, kwa sababu ndio muziki wa kwanza niliousikia ukishindana na injini yangu.

Alhamisi asubuhi, mwezi wa pili, ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye matairi. Tulipakia spika mbili, ngoma, magita yaliyofungwa kwenye mablanketi, pipa la dizeli na jenereta ya mjomba wake Saidi. Bwana mifugo alikuja kutuaga amevaa koti zito.

"Baba Skola, nakukabidhi wanangu," akasema. "Wakirudi bila barua, basi. Tusekile anakwenda Mbeya kusomea kupiga chapa, na huyu mdogo atanisaidia kuogesha ng'ombe kwenye josho."

"Baba!" Atupele akalia.

"Nimesema. Vyombo si vyenu, na ndoto haina makazi bila vyombo."

Tusekile akafungua mlango wa lori. Aliingia kibandani mwa lori na gita lake mapajani, na njia nzima ya kwenda Mollo hakuliachia hata kwenye mashimo.

Mollo, kijiji chetu cha kwanza, si mbali. Tulifika watu wakiwa mashambani wanafukia majani kwenye matuta, kama babu zetu walivyofanya. Mwenyekiti wa kijiji tulisoma naye, yaani miaka ile miwili. Akasema tusubiri watu watoke shamba. Saa kumi walitoka, wakakaa chini mbele ya ofisi, na bendi ikaanza.

Wimbo wa kwanza ulipokwisha, kimya. Kisha akina mama wa mbele wakachuchumaa, wakakunja viganja kama vikombe na kupiga makofi polepole, paa, paa, paa, macho yakitazama chini. Wanaume nao wakafuata.

Atupele akanigeukia. "Baba Skola, wanatuomba tuache?"

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. "Mwanangu, huku Ufipa mtu akikupigia makofi ya viganja vilivyokunjwa huku amechuchumaa, anakusalimu kama mkubwa wake. Hujafukuzwa. Umepewa kiti."

"Mbona hawaruki, kama mjini?"

"Wataruka vipi na wamekuheshimu? Piga tena. Heshima itaisha yenyewe."

Ikaisha kwenye wimbo wa nne. Babu mmoja mwenye fimbo aliruka hadi kofia ikamdondoka, akaiacha palepale chini. Jioni ile ile tukapata barua ya kwanza. Mwenyekiti aliandika mistari miwili, akagonga mhuri mara mbili kwa furaha. Nikawaambia watoto, "Mmeona? Na mimi nikiwapo, hizi mbili zilizobaki ni za kuokota."

Ijumaa tulishuka Muze. Anayeijua njia ile wakati wa mvua hahitaji kuelezwa, na asiyeijua hataamini. Ukingo wa nyanda za juu unakatika ghafla, bonde la Rukwa linaonekana chini limelala na joto lake, na barabara inajikunja ukutani, tope jekundu upande huu, shimo upande ule. Saidi alisoma dua kwa sauti. Deo alishuka akatembea na gogo mkononi, tayari kulitupia chini ya tairi. Mimi niliweka gia ndogo nikapiga mluzi. Sijisifu; wengine wangepiga yowe. Tulipofika chini makoti yalivuliwa yote, na Atupele akasema sasa ndiyo ameelewa kwa nini watu wa Muze wanatucheka sisi wa juu kwamba tumekauka kwa baridi.

Mwenyekiti wa Muze alikuwa mtu mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alitupokea vizuri, tukala wali na kambale. Akatuambia, "Kesho Jumamosi ni siku ya shamba la kijiji. Palizi. Tunatoka shamba saa kumi jioni. Baada ya hapo pigeni mnavyotaka."

"Tumeelewa, Ndugu Mwenyekiti," Tusekile akajibu.

Sasa sikilizeni kosa. Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa tumepanga spika juu ya lori, na watoto wadogo na wazee wachache wamekaa kivulini wanatutazama. Mzee mmoja akaniuliza, "Na masanduku haya kweli yanatoa sauti, au ni kabati?" Kabati! Lori langu limebeba kabati kutoka Sumbawanga? Nikamwambia Saidi awashe jenereta.

Tusekile akasema, "Baba Skola, tumeambiwa baada ya saa kumi."

"Tunajaribu tu. Dakika moja. Huyu mzee asikie, na ziwani wasikie!" Nikageuza swichi ya sauti mwenyewe mpaka mwisho, nikamwambia Deo avute uzi mmoja. Deo alivuta uzi mmoja. Saidi naye mikono ikamwasha, akapiga ngoma. Kuku wa Muze wakapanda mapaa.

Haikupita dakika kumi, njia ya shamba ikajaa watu. Wanakuja mbio, majembe mabegani, wanacheka, wengine wana tope mpaka magotini. Vijana thelathini na mmoja. Najua hesabu kwa sababu Mwenyekiti aliyekuja nyuma yao alikuwa amewahesabu. Alisimama mbele ya lori. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Binti," alimwambia Tusekile, "mnataka barua. Nitaandika. Lakini mimi naandika ninachokiona." Akachomoa kalamu moja, na palepale, karatasi ikiwa juu ya bampa la lori langu, akaandika mstari wa kwanza.

Jamani, joto la Muze niliacha kulisikia. Kile alichokitabiri Bwana Utamaduni, neno kwa neno, mimi ndiye niliyekitimiza. Atupele alikaa juu ya spika akaanza kulia. "Basi. Ng'ombe wa josho wananingoja."

Tusekile aliweka gita begani. "Ndugu Mwenyekiti, shamba liko wapi?"

"Nyuma ya ule mstari wa miti."

"Lori linapita?"

Mwenyekiti akanitazama. Mimi nikasema, "Lori hili linapita tundu la sindano," na kwa mara ya kwanza siku ile nilisema kwa sauti ndogo.

Tukaenda, vijana wote nyuma yetu. Nililipeleka lori kwenye njia ya ng'ombe pembeni mwa mahindi, gia ya kwanza, taratibu kuliko mtu anayetembea, na bendi juu yake ikapiga. Mpango wa Tusekile ulikuwa mzuri: wapalizi wafuate mdundo, lori lifuate wapalizi. Lakini roki ina mwendo wake. Majembe yakaanza kuruka kama panzi. Mahindi mawili matatu yakakatwa pamoja na magugu. Kijana mmoja akakaa chini anahema.

"Mnatuua!" Aliyepaza sauti alikuwa Bibi Kalista, mama mtu mzima aliyefunga kitenge kiunoni, ambaye kijijini hapo ndiye anayeongoza nyimbo za shamba. Aliacha jembe lake, akaja mpaka kwenye lori, akagonga bodi kwa ngumi. "Nyie watoto! Jembe lina kupanda na kushuka. Nyie mnashuka tu!"

Atupele akafuta machozi. "Tufundishe basi, Bibi."

"Nishike mkono."

Tukampandisha. Alisimama katikati ya spika mbili bila kushtuka, akaimba kwa Kifipa maneno yenye maana hii: jembe langu lina njaa, lipeni udongo. Mstari mmoja, kisha pumzi ndefu ya kuinua jembe. Saidi alitega sikio, akaipunguza ngoma mpaka ikalingana na ile pumzi. Deo, ambaye wimbo ule alizaliwa ukiimbwa, akaingia na besi. Tusekile akaliacha gita likwaruze pale jembe linapoingia ardhini tu. Na Atupele akaitikia. Lo! Nimebeba mizigo mingi maishani mwangu, lakini mzigo kama ule sijawahi kubeba. Mstari mzima wa watu ukainuka na kushuka pamoja, na mimi kwenye usukani nikiwa na kazi moja tu, kutoikanyaga petroli, samahani, dizeli, maana mguu wangu haujazoea unyenyekevu.

Kazi iliyopangwa kuingia siku ya pili ilikwisha saa kumi kasoro. Bibi Kalista alishuka kwenye lori akasema muziki si mbaya, ila tutafute mtu wa kuukunja kidogo, ufuate pumzi ya mtu.

Jioni Mwenyekiti akatupa barua. Tuliisomea kwenye kibanda cha lori, Tusekile akisoma: "Asubuhi saa nne bendi hii iliwatoa vijana thelathini na mmoja shambani. Mchana iliwarudisha, na palizi ya siku mbili ikaisha siku moja. Yote mawili nimeyaona." Na mhuri, mmoja, umenyooka.

"Mstari wa kwanza unatuua," Atupele akasema. "Dada, tuukate na wembe. Karatasi itabaki nzuri tu."

"Hatukati."

"Unataka kwenda kupiga chapa Mbeya?"

"Sitaki. Lakini sikati."

Hapo mimi nikaingilia, kwa maana akili ya biashara ninayo. Nikawaambia ninamjua mtu Sumbawanga mwenye mihuri ya kila namna. Tusekile alinitazama tu. Nina umri wa baba yake, lakini nilijisikia kama nimeitwa mbele ya darasa. Nikashuka nikajifanya nakagua matairi.

Jumapili tulipanda juu, wakasali, tukapumzika. Jumatatu tukaelekea Kipili, safari ya siku nzima kupita nyanda zile wazi, upepo unapiga turubai, ng'ombe wengi kuliko watu, kisha miti inaanza kuwa mirefu na barabara inateremkia Ziwa Tanganyika. Tulipofika jua lilikuwa bado lipo. Mwenyeji wetu alikuwa katibu wa kijiji, mtu mnene mchangamfu.

Atupele alimsalimu, na kabla hata ya kunywa maji akauliza, "Shikamoo. Kazi hapa ni saa ngapi?"

"Marahaba. Kazi?" Katibu akacheka. "Binti, sisi kazi yetu giza. Wanaume wanaingia ziwani jioni na taa zao kuvua dagaa, wanarudi asubuhi. Mchana wanalala, na akina mama wanaanika samaki. Mkipiga mchana mnawaamsha. Mkipiga jioni mnawachelewesha."

"Sasa tupige lini?" Saidi akauliza.

"Hilo ndilo bendi ya kwaya ya mjini ililoshindwa kutuambia. Walipiga mchana, wakamwagiwa maji."

Tulikaa Jumanne nzima bila kugusa kitu. Mimi nilikuwa wa kwanza kuifunika ile swichi kwa turubai. Akina dada walishinda na akina mama ufukweni, wakigeuza dagaa juu ya mchanga na kuuliza maswali: mtumbwi wa kwanza unafika lini, nani anapokea, nani anabeba.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumeegesha lori pale mitumbwi inapotia nanga. Wanaume walikuwa bado hawajalala, na akina mama walikuwa wameshaamka. Mtumbwi wa kwanza ulipogusa mchanga, Tusekile akapiga gita taratibu, na wabebaji wakaanza kupanda na mabeseni kichwani. Mitumbwi ilivyoongezeka, sauti nayo iliongezeka. Wavuvi wakishuka na macho mekundu ya kukesha, Atupele anawaita kwa majina, maana alishayajua kwa wake zao: "Baba Joni, mbona beseni lako nusu? Ulivua au ulilala?"

"Nililala na mama yako!" mvuvi akajibu, na ufukwe mzima ukalipuka kwa kicheko. Atupele naye alicheka, akamjibu kwa wimbo papo hapo, kwamba mama yake yuko Mbeya na havumilii harufu ya samaki. Dagaa waliteremshwa wote kabla jua halijapanda. Mzee mmoja mvuvi akacheza roki na kasia. Katibu aliandika barua ndefu ukurasa mzima, sifa tupu.

Usiku ule, kabla ya kurudi, nilimwambia Tusekile tumwombe Katibu aandike nyingine, ionekane ya kijiji cha jirani, ile ya Muze tuitie mfukoni. Akasema, "Baba Skola, yule Mwenyekiti aliona makosa yetu akaona na kazi yetu. Nikiificha barua yake, nimeificha na kazi." Nikaenda kufunga turubai.

Ijumaa asubuhi tulikuwa Sumbawanga, ofisini kwa Bwana Utamaduni. Bwana mifugo amekaa kwenye benchi karibu na mlango, na watu wa ukumbini, walewale walionipigia makofi, wamejaa madirishani. Bwana Utamaduni alisoma barua ya Mollo, akatikisa kichwa. Akasoma ya Kipili, akatabasamu. Akaifungua ya Muze, akaisoma kwa sauti, na alipofika "iliwatoa vijana thelathini na mmoja" akaiweka mezani.

"Nilisema."

"Endelea kusoma, tafadhali," Tusekile akasema.

Akaendelea mpaka mwisho. "Palizi ya siku mbili siku moja," akarudia. "Hili ni jambo. Lakini nani aliwasha vyombo saa za kazi? Nikiwapa kibali watu wasiosikia wenyeji, nimejiharibia."

Deo akatazama sakafu. Saidi akatazama dari. Tusekile akajibu: "Bendi ni yetu. Ni sisi."

Ningeweza kunyamaza. Mtoto alikuwa ameshanifunika, na madirisha yalikuwa yamejaa watu wanaonijua kama Baba Skola asiyeshindwa. Nikamtazama bwana mifugo pale kwenye benchi, mikono yake imeshika kofia, na nikaona vile wale wasichana wanavyokwenda kulipia kitu nilichokifanya kwa sababu mzee mmoja aliita spika kabati. Nikasogea mezani.

"Bwana, si wao. Huyu binti alinikataza. Swichi niligeuza mimi, kwa kutaka kusikika. Na aliyetafuta njia ya kurudisha watu shambani ni yeye, si mimi. Mimi niliendesha tu."

Dirishani mtu mmoja akasema, "Leo Baba Skola kaanguka!" Wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa kuanguka kwenyewe hakukuuma kama nilivyodhani.

Bwana Utamaduni akaita karani, akamwamuru aandike kibali. Vyombo vinabaki na dada wawili. Wataruhusiwa kupiga vijijini, kwa saa watakazokubaliana na wenyeji. Karani alipofika mwisho akauliza kama kuna la kuongeza. "Ongeza," akasema Bwana Utamaduni bila kucheka. "Mwenye lori, aitwaye Baba Skola, haruhusiwi kugusa swichi."

Bwana mifugo aliwakumbatia wanawe kwenye kile kikorido, na nikamsikia akimwambia Tusekile kwamba Mbeya inaweza kungoja. Ilingoja miaka mitano. Bendi ile ilipiga karibu kila kijiji cha Ufipa, shambani, minadani, kwenye majosho yenyewe, na sauti ya Atupele ikasikika mpaka redioni, mpaka Tusekile alipoolewa Tunduma na mdogo wake akafuata. Nilichojifunza mimi ni hiki: ukifika kwa watu, kwanza uliza wanaamka saa ngapi na wanalala saa ngapi, halafu ndiyo uwaonyeshe ulichobeba. Nililipia somo hilo kwa aibu ya mchana mmoja Muze na asubuhi moja ofisini, na naona bei yake rahisi.

Nakala ya kibali kile ninayo, imefungwa kwenye nailoni. Jina langu limepigwa chapa humo na serikali, mstari wa mwisho, na sijakutana bado na mwenye lori mwingine Sumbawanga mwenye kuweza kusema hivyo.